Tenera ya Kigoma: mbegu, miche, na vile vinavyouzwa kwa jina lake

Anayeanza shamba jipya la michikichi Kigoma hana sababu ya kupanda kitu kingine zaidi ya tenera halisi, aina chotara ya mchikichi. Bidhaa yenyewe ni nzuri na tunaipendekeza bila kusita. Taabu iko kwenye jina. Tangu kampeni ya serikali ya kufufua zao hili ilipoanza mwaka 2018, neno "tenera" limebandikwa kwenye vitu vitatu: mbegu iliyochipushwa inayotoka kwenye uzalishaji rasmi kama ule wa TARI Kihinga, kituo cha taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, mche wa mfuko kutoka kitalu kinachotumia mbegu hiyo, na mche uliookotwa chini ya mti wa tenera wa jirani ukatiwa kwenye mfuko na kusimamishwa kando ya barabara. Vikiwa na majani manne, vyote vitatu vinafanana kabisa. Kinachovitenga kilitokea ndani ya ua, mahali jicho halifiki, siku kiini cha seli dume kilipoungana na kiini cha seli ya yai. Ukinunua tenera, unalipia muungano huo, kwamba kuna mtu aliyeusimamia na anaweza kueleza baba ni nani na mama ni nani.

Tuanze na tunda. Likate katikati kwa kisu kikali. Dura, yaani mchikichi wa asili uliojaa kuanzia Ujiji hadi Simbo na Mwandiga, ina ganda nene, milimita 2 hadi 8, na nyama ya mawese ni kati ya asilimia 35 na 55 ya uzito wa tunda. Pisifera, aina nyingine ya mchikichi, haina ganda kabisa, ila mikungu yake mingi huoza kabla ya kukomaa, kwa hiyo haifai kupandwa kwa ajili ya mavuno. Tenera ni mtoto wa hao wawili: ganda jembamba, nusu milimita hadi 4, nyama asilimia 60 na kuendelea, na kuzunguka ganda kuna pete ya nyuzi nyeusi. Pete hiyo ishike kichwani, utaihitaji baadaye. Ukichukua mikungu ya uzito sawa, tenera hutoa mafuta zaidi kuliko dura kwa karibu theluthi moja.

Unene wa ganda unatawaliwa na jeni moja, yaani kipande kimoja cha urithi. Waliolibaini hilo ni Beirnaert na Vanderweyen, nchini Kongo, ng'ambo ya ziwa letu, na wakalichapisha mwaka 1941. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 2013 na watafiti waliofanya kazi na michikichi ya Malaysia. Dura ana nakala mbili za "ganda nene", pisifera ana nakala mbili za "bila ganda", tenera ana moja ya kila aina. Nakala moja huja na kiini cha mama, nyingine na kiini cha baba. Hakuna mbolea, dawa wala udongo utakaobadilisha mgawo huo viini vikishaungana.

Sasa muungano wenyewe, maana hapa ndipo wanunuzi wengi hupotezwa. Chembe ya chavua ikitua kwenye stigma iliyo tayari, ile ncha ya ua jike inayopokea chavua, huota mrija, na ndani ya mrija husafiri seli dume mbili. Mrija hushuka hadi kwenye kifuko cha kiinitete, huingia katika mojawapo ya seli saidizi mbili zilizo kando ya yai, na kupasuka humo. Seli dume ya kwanza huungana na yai. Kwanza huungana tando za seli na saitoplazimu, ule ute unaozunguka kiini, huchanganyika. Viini bado viko viwili. Kisha kiini cha kiume husogezwa na nyuzinyuzi za protini hadi kigusane na cha kike. Kila kiini kina utando wa tabaka mbili: tabaka za nje huungana kwanza, za ndani hufuata, tundu linafunguka na kupanuka, na kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) 16 za baba zinaingia chumba kimoja na 16 za mama. Jumla 32, mchikichi kamili. Si kila kiumbe hufanya hivyo. Kwa binadamu na mamalia wengine viini viwili husogeleana bila kumezana. Tando zao huvunjika na kromosomu hukutana moja kwa moja seli inapojiandaa kugawanyika mara ya kwanza. Muungano kamili wa viini, ule ambao Oscar Hertwig aliueleza mwaka 1876 kwa mayai ya urchini, kiumbe wa baharini mwenye miiba, ndio unaofanana na huu wa mimea.

Seli dume ya pili haipotei bure. Huungana na seli kuu ya kifuko, yenye viini viwili vya mama, na hapo viini vitatu huwa kimoja: 16 na 16 na 16, jumla kromosomu 48. Sergei Nawaschin alionyesha utungisho huu maradufu mwaka 1898 kwenye maua ya jamii ya Lilium. Kwenye mchikichi matokeo yake unayashika mkononi: ni mise. Ile sehemu nyeupe ngumu unayoipata ukipasua kokwa ni endospamu, chakula cha mche, iliyotokana na muungano wa pili, na mche mdogo uliolala ndani yake, karibu na tundu la kuchipulia, umetokana na muungano wa kwanza.

Ganda na nyama ya mawese havitokani na muungano wowote. Ni tishu za mama, zimejengwa na ukuta wa ovari yake. Chavua ya baba inaweza kuamua mti utakaoota, lakini haiwezi kubadilisha unene wa ganda la kokwa lililobeba mbegu hiyo.

Rudia sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu ndiyo kipimo cha kwanza cha bidhaa hii. Mbegu rasmi ya tenera huzalishwa juu ya mama dura kwa chavua ya pisifera. Kokwa yake, basi, ina ganda nene la dura. Muuzaji akikuonyesha kokwa zenye ganda jembamba akasema "unaona, tenera yenyewe hii", amejitangaza mwenyewe kwamba kokwa zimeokotwa kwenye mti wa tenera, yaani amekuuzia kizazi cha pili. Kuna wanaosema hivyo kwa nia njema kabisa, hawajui. Matokeo shambani ni yale yale. Omba kokwa moja iliyokataa kuchipua, ipasue kwa nyundo, upime ganda. Nene haithibitishi kwamba ni tenera, kwani dura wa kienyeji naye ana nene, lakini nyembamba inathibitisha kwamba siyo mbegu ya uzalishaji rasmi.

Kizazi cha pili kinagharimu kiasi gani? Chukua ekari moja iliyopandwa kwa pembetatu ya mita 9, ambayo huingia miti 58. Kama miche imetoka kwenye tenera iliyochavushwa na tenera, robo itakuwa dura, nusu tenera, robo pisifera: takribani dura 14 au 15, tenera 29, na pisifera 14 au 15 ambazo zitakula mbolea na mwanga miaka yote huku mikungu yake ikioza juu. Mti wa tenera ulioko peke yake katikati ya michikichi ya kienyeji, hali ya kawaida Kigoma, hupata chavua nyingi kutoka kwa dura wanaouzunguka, na watoto wake watakuwa nusu dura na nusu tenera. Hapo hukupata pisifera, lakini nusu ya shamba ni kitu ambacho ungekipata bure kwa babu.

Kwa mbegu iliyochipushwa tunatoa alama ya juu kuliko zote, kwa sharti kwamba mzalishaji anajibu maswali. Ubora wake wote unategemea mfuko wa kitambaa. Mchikichi huzaa mashada dume na jike kwenye mti mmoja kwa vipindi tofauti, na chavua hubebwa na upepo na fukusi wadogo wa jenasi ya Elaeidobius wanaofuata harufu ya maua. Fukusi mmoja aliyejificha kwenye shada hutosha kuharibu kazi. Kwa hiyo shada jike la dura husafishwa, hupuliziwa dawa ya wadudu na kufungwa kwenye mfuko usiopitisha chavua, wiki moja au zaidi kabla maua hayajafunguka. Shingo ya mfuko hukazwa juu ya pamba yenye dawa. Shada dume la pisifera nalo hufungwa vivyo hivyo kabla ya kuvunwa. Chavua yake hukaushwa na kuhifadhiwa kwenye friza. Kabla ya kutumika hujaribiwa kwenye maji ya sukari yenye asidi ya boriki kidogo: chembe zilizo hai huota mirija inayoonekana kwa hadubini ndani ya saa chache. Chavua iliyonyonya unyevu hufa, na mkungu wake hujaa matunda madogo yasiyo na mise, matunda ambayo viini havikuungana.

Stigma iliyo tayari ni nyeupe ya maziwa na inang'aa kwa unyevu. Inadumu hivyo siku mbili au tatu, kisha inageuka zambarau na kukauka. Ndani ya dirisha hilo chavua kidogo sana, chini ya gramu moja, huchanganywa na poda ya talki na kupulizwa ndani ya mfuko kupitia tundu dogo linalozibwa mara moja. Mfuko hubaki wiki kadhaa hadi stigma zote zimekufa. Mkungu hukomaa baada ya miezi mitano hadi sita.

Swali moja linamtenga mzalishaji makini na wengine: uliza kama hufanya uchavushaji wa bure. Ni shada linalofungwa na kupulizwa talki tupu, bila chavua. Likizaa mbegu hata chache, chavua ya nje inaingia mahali, pengine mfuko umetoboka au umefungwa kwa kuchelewa, na mikungu yote ya kundi hilo inatiliwa shaka. Anayelijua jaribio hili atakueleza kwa dakika tano bila kutafuta maneno. Uliza pia namba ya mti mama na chanzo cha chavua. Lebo ya TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu nchini, ni mwanzo mzuri, lakini lebo haijibu maswali.

Kuchipusha nyumbani hatukushauri. Mbegu ya mchikichi imelala, na huamshwa kwa joto la nyuzi 38 hadi 40 kwa siku 40 hadi 80 ikiwa na unyevu wa karibu asilimia 18, halafu hulowekwa hadi asilimia 22 hivi na kuachwa ichipue kwenye joto la kawaida. Unyevu ukizidi wakati wa joto, ukungu unaingia. Ukipungua, kiinitete kinakauka. Kazi hiyo waachie wenye chumba cha joto.

Mbegu iliyochipushwa hufika kwenye mfuko wa plastiki ikiwa na ncha mbili. Kubali ile ambayo ncha zake zinatambulika wazi: ya shina imechongoka na ni nyeupe, ya mzizi ni butu na ina rangi ya kahawia kidogo mwishoni. Ukizipokea ncha hazijatofautika vizuri, subiri siku mbili tatu kwenye kivuli, usikisie. Mbegu iliyofukiwa juu chini hutoa mche uliojikunja shingoni na haurudi kuwa sawa. Kina cha sentimita 1 hadi 2 kinatosha. Ncha zilizovunjika kwa kusafirishwa ni hasara ya moja kwa moja, na barabara zetu zinavunja nyingi. Fungasha kwa povu au maranda, uzibebe mapajani badala ya kuziweka kwenye buti. Ziende ardhini siku ile ile au kesho yake.

Mche wa mfuko unapata alama nzuri ila chini ya mbegu, na sababu ni moja: unanunua uaminifu wa watu wawili badala ya mmoja. Yule wa kwanza alisimamia ndoa ya viini. Wa pili ameutunza mche mwaka mzima, na huyu ndiye unayeweza kumkagua kwa macho. Miezi mitatu au minne ya kwanza mche hukaa kwenye mfuko mdogo chini ya kivuli chepesi, kisha huhamia mfuko mkubwa wa karibu sentimita 40 kwa 45 na kukaa humo miezi minane au tisa. Mifuko mikubwa itengane sentimita 90. Kitalu kilichobana mifuko bega kwa bega hutoa miche mirefu, myembamba, yenye majani yanayokimbilia jua, na ukiihamishia shambani huanguka kwa upepo na kuungua.

Uliza wametupa miche mingapi. Swali linaonekana la kuudhi lakini ndilo kipimo cha kitalu. Hata mbegu bora hutoa miche yenye kasoro, na kitalu cha kweli huondoa kati ya 15 na 25 katika kila 100 tangu mwanzo hadi mwisho. Anayejivunia kwamba hakupoteza hata mmoja amekuwekea kasoro zote kwenye gari lako. Zitambue: majani membamba kama nyasi, majani yaliyokunjamana kama kitambaa kisichopigwa pasi, michirizi myeupe, mche uliosimama wima majani yote yakielekea juu, mche bapa ambao majani mapya ni mafupi kuliko ya zamani, na kibete asiyekua pamoja na wenzake. Yule aliyesimama wima mno ana sifa mbaya ya kuwa mgumba. Mche wa miezi 12 ulio sahihi una shina nene chini, majani yaliyogawanyika vizuri na umbo lililofunguka.

Muda wa kuchukua miche Kigoma unaamuliwa na mvua. Kiangazi chetu, Juni hadi Septemba, ni kirefu kwa mti unaopenda maji, hivyo mche unapaswa kuwa tayari mvua zinapoanza Oktoba au Novemba. Hesabu nyuma: mbegu iingie kitaluni karibu mwaka mmoja kabla, na kitalu kiwe na chanzo cha maji kinachohimili kiangazi kizima, kwa sababu mfuko mkubwa unataka lita moja na nusu hadi mbili kwa siku mche ukiwa mkubwa. Ukanda wa ziwa, ulioko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, unaufaa zaidi kuliko nyanda za juu za Kasulu, ambako baridi hupunguza kasi ya ukuaji.

Mche wa kuokota hatuupi alama. Hata wa bure ni ghali, kwa kuwa gharama ya shimo, samadi, palizi na miaka mitatu ya kusubiri ni ile ile.

Uthibitisho wa mwisho unakuja kwenye mkungu wa kwanza, takriban miaka mitatu baada ya kupanda. Usikague mti mmoja ukatosheka. Chukua matunda matano yaliyoiva kutoka kila mti, yakate katikati kwa upana, na tazama pete ya nyuzi nyeusi kuzunguka ganda. Ipo na ganda ni jembamba: tenera. Haipo na ganda ni nene: dura. Andika namba ya kila mti kwenye daftari. Kwenye ekari ya miti 58 iliyotokana na mbegu halali, dura mmoja ni jambo la kuvumilika; ukihesabu wanne au watano, chavua ya nje iliingia kwenye mfuko wa uchavushaji, na hesabu hiyo mpelekee aliyekuuzia pamoja na namba ya kundi la mbegu, kwa sababu anaweza kufuatilia hadi kwenye shada lenyewe. Ukikuta dura 15 au zaidi, hukuuziwa tenera. Mti unaotoa maua jike mengi ambayo mikungu yake inaoza mfululizo ni pisifera. Ung'oe mapema na kupanda mwingine kabla majirani zake hawajaziba mwanga.

Na kokwa za mti wako bora kuliko yote zipelekwe kwenye mashine ya mise. Zikiingia kitaluni, mgawo wa viini unaanza upya, na safari hii hakuna aliyefunga mfuko.